Redio Iliyosikika Komoro

Mume wangu alikuwa na mashua ya tanga ya kupeleka mchele Mafia, na majivuno ya kujaza meli. Mashua ikampendeza zaidi alipoamua kuifungia redio ya masafa marefu.

Fundi alitoka Dar es Salaam. Akavuta waya wa antena mpaka juu ya mlingoti, akafunga betri, kisha akapigilia bamba la shaba nje ya mashua, sehemu inayozama.

"Bila maji ya chumvi sauti haifiki mbali," akaeleza.

Mama mkwe, mzaliwa wa vilima vya Umatumbini, akacheka mpaka akashika mbavu. "Babu yangu naye aliambiwa kuna maji yanayogeuza risasi kuwa maji. Akarudi na risasi begani. Haya, mwanangu, endelea."

Redio ikafanya kazi, sitaidhulumu. Mume wangu akawa anaongea na manahodha wa Komoro na kuwaita ndugu zake. Kuitunza ikawa kazi yangu. Chumvi ilikula viungio vya waya, nami nikavisugua kwa ndimu na majivu, yeye akinielekeza huku amejilaza.

Siku moja tukitoka Mafia, tulikwama kwenye fungu la mchanga na tope, bandari yetu ya Nyamisati ikiwa pale mbele yetu. Maji yalikuwa yanakupwa. Mume wangu akaita bandarini kwa redio, akaita tena. Kimya. Fundi alishatuonya kwamba sauti ya redio ile hupaa angani na kuangukia mbali, ikiwaruka walio karibu. Wakaitika Komoro.

"Mko wapi?"

"Hapa! Nyuma ya mikoko!"

Wakamwombea dua.

Wakapita wanawake wa kijijini kwetu na mtumbwi, wanatafuta kaa. Nikawaita kwa mdomo wangu.

"Shemeji," mmoja akamwuliza, "hicho kisanduku unakigombeza nini?"

Walitusaidia kushusha magunia ya nazi tuliyopakia Mafia, wakayavusha kwa mtumbwi wao. Maji yalipojaa, wakashuka topeni tukasukuma pamoja mpaka mashua ikaelea. Mume wangu alikuwa ameipakata redio, isilowe.

Bandarini akawakusanya watu, akawasimulia jinsi Wakomoro walivyotuokoa. Wale wanawake walikuwa wamesimama palepale, tope limewafika mapajani. Walimsikiliza mpaka mwisho. Mmoja akatema mate pembeni, wakabeba kaa wao wakaenda zao sokoni, nami nikafuatana nao.