Jirani Aliyeifunza Rimoti ya Mamangu

Najua utacheka. Cheka kwanza, nitakungoja. Lakini haya yalinifika mimi mwenyewe, si mambo ya kusimuliwa, tena jua likiwaka, ndani ya nyumba yetu Bondeni.

Mamangu alipatwa na kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Mimi ni karani bandarini Kilindini, basi mchana hushinda peke yake na televisheni yake. Sasa kuiwasha kwataka rimoti tatu: ya televisheni, ya king'amuzi, ya spika. Alikuwa akinipigia simu kutwa. "Mwanangu, pameingia giza tena." Namwelekeza huku wateja wamenizunguka, mpaka yeye analia na mimi nakaribia.

Nikamnunulia rimoti moja ya kuendesha vyote. Ina kitufe unachokifunza amri kadhaa, halafu ukikibonyeza mara moja kinazituma zote kwa mpango. Ndivyo walivyosema dukani. Nilihangaika nacho wiki nzima. Televisheni ikiwaka, king'amuzi kimezima. King'amuzi kikiwaka, spika zimenyamaza. Nafuta, naanza upya. Hivi kitu cha kumrahisishia mtu maisha ndicho cha kumtoa machozi?

Siku moja narudi kutoka kazini, Alasiri imeshaadhiniwa, namkuta mwanamume ameketi kwenye kiti cha pembeni. Kanzu safi, ndevu zimechanwa.

"Msalimie," mamangu akasema. "Ni jirani yetu wa juu. Alipiga hodi, nikamwambia apite."

Juu palikuwa pamefungwa tangu wapangaji wahame, lakini nikadhani amehamia karibuni. Nikamsalimu, akaitikia vizuri. Rimoti alikuwa nayo mkononi.

"Wafanya haraka, dada," akaniambia. "Televisheni haijaamka, nawe ushaipa amri ya pili. Tia kituo baina ya amri na amri."

Niamini, nilikasirika. Nimeshinda juani na makontena, nafika nyumbani, mtu nisiyemjua ananisomesha, tena kwa upole ule unaozidisha hasira.

"Ni mbovu hiyo," nikamjibu. "Hata taa yake haiwaki."

Ile taa ya mbele ya rimoti macho hayaioni, ila kamera ya simu huiona. Nikatoa simu nimhakikishie. Nikamwelekezea huku akibonyeza.

Taa ilikuwa ikiwaka vizuri kabisa. Kwenye simu nikaiona rimoti, nikakiona kiti na kitambaa chake. Mtu sikumwona. Rimoti ilikuwa hewani, vitufe vyashuka na kupanda vyenyewe.

Nikainua macho: ameketi, ananitazama. Nikarudi kwenye simu: kiti kitupu.

"Tayari," akasema. Akamtilia mamangu rimoti katika mkono wake mzima, akaaga, akatoka. Ngazi zetu ni za mbao, hulia hata paka akipita. Siku ile hazikulia.

Mamangu akabonyeza. Vyote vikawaka, kimoja baada ya kingine, mpaka kwenye mawaidha yake. Akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu augue.

Nilipopata nguvu nikapanda juu. Kufuli limeota kutu. Mwenye nyumba akaniapia kwamba hajampangisha mtu.

Nikamweleza mamangu yote, hata kile kiti kitupu kwenye simu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa wataka nifanyeje?" akaniuliza. "Wewe unayeonekana kwenye kamera ulishindwa."

Nilimleta ustadhi akasoma. Rimoti yaendelea kufanya kazi. Nilitaka kuitupa, mamangu akagoma kula. Hanipigii simu tena mchana, na nikirudi namsikia akimuuliza mtu kama apunguze sauti. Mimi chakula changu nakula jikoni.

Basi nawe kama una mzazi na rimoti iliyokushinda, ng'ang'ana nayo mwenyewe hata ikupasue kichwa, usimwachie aliyepiga hodi. Akishakaribishwa, akaketi kwa adabu, akakutengenezea kitu kikatengenezeka, utamfukuza kwa kosa gani?