Grafu ya Upande Mmoja

Nikiulizwa shahada yangu ya uzamili ilihusu nini, najibu vizuri tu: nilichunguza chembe za fuwele ndogo mno, ziitwazo nukta za kwanta, na jinsi uga mkali wa umeme unavyozibadilisha rangi. Sisemi kwamba nusu ya grafu yangu niliitunga.

Chembe hizo ukizimulika kwa mwanga wa urujuani usioonekana kwa macho, zinang'aa zenyewe. Unazitandaza kwenye kioo ziwe utando mwembamba, unazibana kati ya tabaka mbili zinazopitisha umeme, halafu unapandisha volti. Ndani ya kila chembe elektroni inavutwa huku, na nafasi iliyoiacha inavutwa kule. Zikishatenganishwa hivyo, mwanga unafifia na rangi inasogea kuelekea nyekundu. Vitabu vyetu vilisema ukigeuza nyaya, hasi ikakaa penye chanya, rangi itasogea vilevile, kwa sababu chembe ya mviringo haina mbele wala nyuma.

Maabarani pale chuoni Dodoma tulikuwa wanafunzi wawili wa kazi hiyo. Mwenzangu alikuwa mwalimu wa sekondari aliyepewa ruhusa ya masomo ya miaka miwili, Mgogo wa Mkonze, amenizidi umri kidogo. Mimi ni mtoto wa mjini. Babu zangu walifika na misafara wakitokea Unyamwezini wakanogewa. Kwa hiyo, Mgogo na Mnyamwezi, tulikuwa watani, na utani wetu haukuwa na likizo. Aliniita mpagazi aliyesahau kurudi kwao. Mimi nilimuuliza ng'ombe amemwachia nani. Lakini mkono wa kazi ulikuwa wake: utando wake na wangu aliutengeneza yeye, siku moja, kutoka chupa moja.

Upande wa chanya niliupima kwa haki. Nilipogeuza nyaya nianze wa hasi, mgao wa umeme nao ukaanza, watu wakilaumu kupungua kwa maji kwenye bwawa la umeme la Mtera. Taa yetu ilihitaji saa nzima kutulia kabla ya kupima, na umeme ukikatika unaanza upya. Semina ilikuwa keshokutwa. Nikajiambia, nadharia inasema pande zote mbili ni sawa, sasa nahangaika kupima ninachokijua kwa nini? Nikachukua namba za kulia, volti nikaziwekea alama ya kutoa, nikazibandika kushoto. Ilinichukua dakika tano, na chai nilikunywa humohumo.

Kwenye semina grafu yangu ilipendeza kama bakuli jipya. Msimamizi wetu, mzee wa watu ambaye hakutoa sifa za bure, akanisifu mbele ya wote. Kisha mwenzangu akaonyesha yake. Alikuwa akifika alfajiri kuuwahi umeme, akapima pande zote. Grafu yake ilikuwa imeinama: kulia rangi ilisogea sana, kushoto ilianza kwa kurudi kuelekea bluu, ndipo ikageuka. Msimamizi akamwambia utando wake haukukaushwa vizuri, aangalie wa mwenzake, arudie.

Alirudia mara tatu, na mara zote grafu ikainama. Siku moja, tukiwa na wenzetu kantini, akaniuliza taratibu, "Mtani, upande wa hasi uliupima lini?"

Nikamjibu, "Mgogo akikosa mvua anatafuta mchawi. Wewe umekosa grafu, umeniona mimi."

Watu wakacheka, naye akacheka. Aliyetaniwa na mtani wake hana ruhusa ya kununa, hilo nililijua vizuri, ndiyo maana nililitumia. Ruhusa yake ya masomo ikaisha akiwa bado anakausha utando. Akarudi kushika chaki bila shahada.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, yenye lami, ikanifikisha kwenye shahada ya uzamivu na ofisi yenye mapazia. Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja akaniletea grafu iliyoinama, akiomba radhi kabla sijaitazama. Tuliichunguza mwezi mzima. Utando unapokauka, chaji nyingine hukwama kati ya tabaka na kuzaa uga wao mdogo. Volti zikienda upande mmoja, uga huo unazisaidia. Zikienda upande wa pili, unazipinga. Kuinama kule ndiko kulikokuwa jibu. Ningepima nusu yangu ya pili, msimamizi angeona grafu mbili zilizoinama, na asingemlaumu mtu. Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama yule mwanafunzi.

Jumamosi nikaenda Mkonze. Nilimkuta barazani akichambua karanga. Akanisalimu vizuri, akaniita Daktari, akanipa kiti. Nikamweleza yote, mgao, semina, alama za kutoa, na safari hii sikuchomeka utani wowote. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

"Nilijua," akasema. "Siku ileile ya semina. Kipimo chochote kina vitetemo vyake vidogo visivyojirudia, na vyako vya kushoto vilikuwa vya kulia vilivyogeuzwa, kimoja kimoja."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia msimamizi.

"Wangekufukuza. Nikaona niuachie mdomo wako. Baada ya siku ile ya kantini nilikaa wiki mbili nakuja mapema, nakaa peke yangu mle ndani, nikijua ukinikuta hakuna watu utasema."

Asubuhi zile nazikumbuka. Nilikuwa nafika, namwona dirishani amekaa peke yake mbele ya mashine iliyozimwa, nageuka, naenda kusimama nyuma ya jengo mpaka wengine waje.