Kocha Tulia apata timu mpya kwa sharti lililomfukuzisha

Saa tisa alasiri jua linachoma, na mwanamume mwenye kipenga shingoni anapanga chupa zilizojazwa mchanga kwenye uwanja uliosahau nyasi. Koni hakuna. Timu hii inayoburuza mkia daraja la pili ina mipira miwili, na mmoja unavuja upepo.

Tangu timu yake ya zamani wachezaji wanamwita Kocha Tulia, kwa kuwa neno hilo halimtoki mdomoni. Beki akipaparika, "Tulia." Mshambuliaji akikosa goli tupu, "Tulia, baba."

Leo wa kutulia ni yeye. Kwenye benchi la mbao wamekaa viongozi watatu wanaompima. Wakiridhika, atapata kazi kwa mara ya kwanza tangu afukuzwe miezi kumi iliyopita. Wasiporidhika, atarudi kushinda kwenye genge la mkewe, akipima nyanya huku wateja wakimchokonoa: "Kocha, zile tano mlizofungwa mfululizo ilikuwaje?"

Mitaani wanauliza kama kocha aliyetimuliwa kule anaweza kufaulu huku. Anaulizwa aliyetimuliwa. Aliyemtimua haulizwi na mtu.

Watu wamesahau, basi wakumbushwe. Ni huyu aliyeikuta timu yake ya zamani ikifanya mazoezi kwenye maegesho ya malori, akaipandisha hadi daraja la kwanza. Msimu uliofuata mwenyekiti akamletea kiungo, mpwa wake, na amri kwamba aanze kila mechi. Tulia akakubali. Hapo ndipo alipojimaliza.

"Nilijiambia nitamficha katikati ya wenzake wazuri," anasema. "Uwanjani humfichi mtu. Ni kama kuficha ng'ombe chini ya kitanda. Wapinzani walimwona dakika ya pili, wakawa wanapita kwake tu."

Mechi tano, vipigo vitano. Mwenyekiti akaenda redioni kusema kocha ameishiwa mbinu. Mpwa bado anacheza. Mwenyekiti bado anaalikwa kukata utepe, na watu wanampigia makofi.

Tulia alifunga mdomo. Kocha anayesema ukweli haajiriwi, na waliotunga sheria hiyo ndio hao hao wanaoajiri.

Mazoezi yanakolea. Vijana waliozoea kubutua mbele na kuomba Mungu sasa wanapigiana pasi fupi, wanacheka, wanaitana. Mpita njia anasimamisha baiskeli atazame. Kwa muda mfupi mtu angeweza kuamini kwamba hii ni timu ya kushinda.

Mwenyekiti wa timu hii, mmoja wa wale watatu wa benchini, anamvuta kocha kando.

"Umetukosha, kocha. Kazi ni yako. Ila kuna jamaa yangu pale, beki wa kulia."

"Yule mnenemnene?"

"Shemeji yangu. Mwili ni wa kuzaliwa nao. Aanze tu kila mechi, mengine yote nakuachia wewe mtaalamu."

Tulia anatazama viatu vyake. "Nipe mpaka kesho, mwenyekiti."

"Kesho asubuhi, basi. Makocha wenzako wananipigia simu, na wao hawana masharti."

Jioni, gengeni, mkewe anasikiliza habari yote huku akipanga vitunguu.

"Huyo shemeji mtu anakimbiaje?"

"Kama amebeba kabati."

"Ukimpanga, mtafungwa, na watakufukuza."

"Nisipompanga, hawaniajiri."

"Sasa baba, si yale yale? Safari hii ukifukuzwa hakuna atakayekuita tena, hata timu ya mtaa."

Anajua. Akifukuzwa mara ya pili, hakuna atakayetaka kusikia habari ya shemeji wala mpwa. Watasema tu, huyu mwenyewe ndiye tatizo. Na waliompa wachezaji hao watakuwa wa kwanza kusema.

"Nitakubali," anasema hatimaye. "Uwanja wa nyumbani, kipindi cha kwanza, beki wa kulia anakuwa upande wa benchi letu. Nitasimama kwenye mstari nimwendeshe kwa mdomo. Rudi. Bana. Toa mpira. Nitakuwa kichwa chake, yeye awe miguu."

Mkewe anaacha vitunguu. Ameolewa na mpira miaka mingi.

"Na kipindi cha pili? Mkibadilishana magoli, si atakuwa ng'ambo kule, na wewe umebaki huku?"

Kocha Tulia anageuza kipenga mkononi.

"Mpaka hapo," anasema, "inabidi tuwe tumeshafunga matatu."

Timu hiyo ina mabao manne tangu msimu uanze. Asubuhi atampigia mwenyekiti simu.