Sanduku la Thora na Pini Yake

Thora Engebretson aliliokota sanduku lake la barua mtaroni, mara ya sita hiyo ndani ya miaka miwili, akalifungua, akakunja pua. Ndani mlikuwa na barafu ya matope, gazeti lililoloa, na panya aliyehamia humo siku chache kabla greda la kusukuma theluji barabarani halijaliangusha sanduku. Nusu ya panya ilikuwa imeoza, nusu imeganda. Na juu ya mlango wa sanduku mtu alikuwa ametema tumbaku, mate marefu ya kahawia yaliyogandia pale pale yalipotua.

"Kefule!" alisema Thora, peke yake barabarani, katika upepo wa Novemba. "Watu wazima na meno yao!"

Chini ya gazeti alikuta fomu ya posta, imetiwa alama kwa kalamu ya bluu. Sanduku halifikiki. Onyo la kwanza.

Fomu iliwekwa na Ardis Loken, tarishi wa njia ile kwa miaka kumi na tisa. Ardis alipeleka barua kwa gari lake mwenyewe, na usukani wa gari hilo uko kushoto kama wa magari yote ya huko. Kwa hiyo yeye hukaa kiti cha kulia, akanyoosha mguu wa kushoto mpaka kwenye pedali na mkono wa kushoto mpaka kwenye usukani, na mkono wa kulia akautoa dirishani kutia barua masandukuni. Mgongo wake ulishaharibika zamani. Sheria ya posta ilitaka kitako cha sanduku kiwe inchi arobaini na moja hadi arobaini na tano juu ya uso wa barabara, basi. Sasa shida ya kule ni kwamba barabara ya changarawe haitulii mahali pamoja. Theluji hushindiliwa juu yake, barafu juu ya theluji, na sanduku lililokuwa sawa mwezi wa Oktoba, Januari linamfikia mbwa kifuani. Ardhi nayo imeganda kama saruji, huwezi kuchimbua nguzo. Maonyo matatu, na posta haikuletei tena. Ufuate barua zako mwenyewe mjini Nybro, maili kumi na saba.

Thora alikuwa na miaka sabini na mmoja, na macho yake hayakumruhusu tena kuendesha gari. Dawa zake za moyo zilikuja kwa posta.

Angalau angeweza kunyamaza. Lakini Jumapili ile, kwenye kahawa ya baada ya kanisa, mwanawe Duane aliuanzisha tena ule wimbo wake. Duane aliuza bima Nybro, alivaa viatu vya ngozi hata kwenye matope, na tangu Selmer, mume wa Thora, afariki, hakuwa na habari nyingine ila vyumba vya wazee nyuma ya hospitali.

"Chumba kipo, Mama. Kina joto. Chini kuna wenzako wanacheza karata."

"Wenzangu gani? Wale wanaokoroma mezani?"

"Na posta ikikatwa? Dawa utazipataje?"

Hapo ndipo Thora aliweka kikombe chini akasema kitu ambacho angetamani kukimeza. "Siku posta itakapoacha kufika kwangu, nitafunga virago mwenyewe. Sitangoja uniambie."

Kwa watu wale, neno lililotamkwa juu ya kahawa halirudishwi. Duane alichukua kipande cha pili cha keki, akakila chote.

Kuanzia Jumatatu Thora alijifungia bandani na mashine ya kuchomelea ya Selmer. Mtu asimwone kizee. Alikuwa amechomelea mageti ya ng'ombe na majembe ya trekta kwa miaka arobaini, wakati Selmer akimshikia chuma na kulalamika kuhusu cheche. Alichukua bomba nene la kisima kama nguzo, akaingiza ndani yake bomba jembamba linaloteleza juu na chini. Mabomba yote mawili akayatoboa matundu, inchi moja kati ya tundu na tundu. Tundu likikutana na tundu, unapitisha pini moja tu, na sanduku limesimama pale unapotaka. Theluji ikipanda, unalipandisha. Barafu ikiyeyuka, unalishusha. Hakuna spana, hakuna nyundo. Bibi mwenye glavu anaweza.

Kisha akaunda mkono mrefu wa kushikia sanduku, akautia kwenye bawaba iliyolazwa upande kidogo. Theluji ya greda ikiupiga, mkono unasogea kuelekea shambani, halafu unarudi wenyewe kwa uzito wake. Siku mbili alikosea ulalo wa bawaba: mara mkono hausogei, mara unazunguka na kumpiga begani. Alikitukana chuma hicho kwa maneno ambayo mchungaji hakudhani anayajua. Siku ya tatu kikatii.

Pini aliipaka mafuta yale mazito ya kulainishia viwele vya ng'ombe, ya kopo la kijani, ili isigande tunduni. Yananuka vibaya sana mafuta hayo, dawa na jasho la kondoo, na yakikushika yanakaa wiki. Kila mtu aliyewahi kukamua huko anaijua harufu hiyo hata usingizini. Na pini aliiingiza siku zote kutoka upande wa shamba, ili kichwa chake kisipigwe na theluji ya barabarani.

Nguzo aliisimika kando ya barabara wiki hiyo hiyo, kabla ardhi haijaganda. Ardis alisimamisha gari, akanyoosha mkono, akatia barua.

"Hee! Sijainama," alisema. "Thora, hii ungeuza."

"Sina haja ya kuuza. Nina haja ya kukaa kwangu."

Aliyecheka ni Lester Kubat, dereva wa greda, mtu mnene mwenye shavu lililotuna tumbaku. Alipita akapunguza mwendo, akalitazama dude lile lenye mkono mrefu, kisha akaenda kuwaambia watu kwenye ghala la nafaka kwamba Bi Thora amejisimamishia mti wa kunyongea. Utani huo ulimfikia Thora kabla ya chakula cha mchana.

Wiki ya pili ya Desemba fomu ya pili ikaja. Sanduku liko chini mno. Thora alikwenda na kanda ya kupimia, hakuamini macho yake. Inchi thelathini na nane! Yeye mwenyewe alikuwa ameliweka arobaini na tatu. Pini ilikuwa imechomolewa, sanduku limeshushwa matundu matano, pini imerudishwa. Si theluji iliyofanya hivyo. Theluji haina vidole. Alilirudisha arobaini na tatu.

Akakumbuka mate kwenye mlango wa sanduku. Akakumbuka mti wa kunyongea. Damu ikamchemka.

Alimkuta Lester Jumapili, katika ukumbi wa chini ya kanisa, ameshika kikombe cha kahawa na mkate mwembamba wa viazi uliokunjwa na sukari. Watu arobaini walikuwapo. Huko watu hawasemani usoni. Mtu akikuudhi unamwambia hali ya hewa si mbaya, unakwenda kumsema nyumbani. Thora hakungoja kufika nyumbani.

"Lester Kubat, umenivunjia sanduku mara sita, nikanyamaza. Umelitemea mate, nikanyamaza. Sasa unashuka kwenye greda kuja kuchezea pini yangu? Huoni haya? Mwanamume mzima, umelishwa mezani kwangu wakati wa mavuno, kumbe moyo wako mchafu kama kinywa chako!"

Lester aligeuka mwekundu kuanzia shingoni.

"Bi Thora, mate ni yangu," alisema polepole. "Upepo uliyarudisha, nisamehe. Na greda lilikwangua, kweli. Lakini pini siijui."

"Nyoo! Huijui!"

Lester aliweka kikombe mezani, kahawa imejaa, akapanda ngazi akaondoka. Mkewe akamfuata bila koti. Duane, aliyekuwa amesimama karibu na birika, alimshika mama yake kiwiko. "Basi, Mama. Umeshasema. Twende nyumbani." Na Thora alijisikia vizuri. Lazima nilieleze hilo, kwa sababu baadaye ndilo lililomtia kinyaa kuliko yote: siku nzima ile alijisikia vizuri.

Baada ya hapo kila greda lilipopita, Thora aliliona kutoka dirishani likipunguza mwendo mbele ya sanduku na kuinua bawa lake, lile bamba la pembeni linalosukuma theluji. Alijiambia kwamba Lester ameingiwa na hofu.

Januari ikaingia kavu. Siku tisa haikuanguka theluji hata chembe, na greda la Lester lilikuwa limekwama kwenye karakana ya kaunti, gia zimetolewa zote, likingoja kipuri. Ardis ndiye aliyeleta habari hizo. Jumapili Duane alikuja kwa kahawa kama kawaida yake. Thora alimwuliza kama atakunywa, akakataa. Akamwuliza tena, akakataa. Mara ya tatu akakubali, ndivyo adabu inavyotaka. Alikunywa haraka haraka, akasifu joto la vyumba vya wazee, akaondoka akisahau glavu zake kwenye kiti.

Jumatatu adhuhuri Ardis alipiga honi barabarani. Thora alishuka njia yake yote kwa miguu, pumzi ikimkata.

"Thora, tazama mwenyewe," alisema Ardis kutoka dirishani. Sanduku lilikuwa limeshuka hadi inchi thelathini na saba. "Mkuu wangu amenigombeza kwa sababu yako. Leo ningekuandikia la tatu. Nitaandika kesho. Kesho saa hizi nikilikuta hivi, sina la kufanya."

"Greda bado liko karakana?"

"Liko wazi limelala, matumbo nje."

Ardis akaondoka. Thora aliitazama pini. Ilikuwa imeingizwa kutoka upande wa barabara, kama angefanya mtu aliyesimamisha gari, akashuka, akafanya haraka. Alirudi nyumbani polepole. Si Lester. Basi nani? Alimfikiria jirani huyu, akamwacha. Akamfikiria yule, akamwacha. Akavua koti, akataka kukaa, akaona glavu za Duane kwenye kiti.

Glavu nzuri za ngozi nyeusi, za kwendea kanisani. Alizichukua ili aziweke kando, na kabla hajazifikisha mezani harufu ikampanda puani.

Alisimama. Akaisogeza ya kulia karibu na uso wake. Kwenye kidole gumba na cha shahada palikuwa na doa zito, la manjano, linanata. Mafuta ya viwele. Duane hakuwa amegusa ng'ombe tangu aende chuo. Duane ambaye alikuwa akipita zizini ameziba pua kwa leso!

Thora alikwenda kwenye sinki akatapika kahawa ya asubuhi. Hakulia. Alinawa mikono mara mbili, na harufu haikutoka, akarudia kumwona Lester akiweka kikombe chake mezani, na mkewe akipanda ngazi bila koti. Kwa nini mtu yule alikuwa akipunguza mwendo na kuinua bawa la greda? Kwa hofu? Wapi! Alikuwa akilinda sanduku la mwanamke aliyemdhalilisha mbele ya kanisa zima. Thora aliona kinyaa, kwanza kwa mwanawe, kisha kwa ulimi wake mwenyewe, na hakujua kipi kilizidi.

Alipiga simu. "Duane, umesahau glavu. Njoo kesho saa tano."

Alipofika, Thora alikuwa ameshavaa nguo za kazi. Birika lilikuwa mezani.

"Utakunywa kahawa?"

"Aa, hapana Mama, usijisumbue," alisema Duane, akivuta kiti.

Thora alichukua birika akalimwaga lote kwenye sinki. Duane alibaki ameshika mgongo wa kiti, hajakaa wala hajasimama.

"Vaa glavu zako," alisema mama yake. "Tunakwenda barabarani."

Trekta ilikuwa tayari nje, imefungiwa kigari chenye mashine ya kuchomelea. Duane aliivaa ya kushoto, akaivaa ya kulia, na hapo akaona lile doa. Alimfuata mama yake nyuma ya trekta kwa miguu, viatu vyake vya ngozi vikiteleza kwenye barafu.

Pale kwenye sanduku Thora alipima, akapandisha mpaka arobaini na tatu, akaingiza pini kutoka upande wa shamba. "Shika hapa. Kaza. Usitazame moto."

"Mama, ukilichomelea halitashuka tena. Theluji ikiyeyuka litakuwa juu mno."

"Litakuwa juu, ndiyo. Utakuja na sululu uchimbue nguzo uishushe. Kabla ardhi haijaganda utakuja tena uipandishe. Kila mwaka, nikiwa hai, watu wakipita wanakuona."

"Nilikuwa nafikiria moyo wako. Ukianguka humu peke yako, nani atajua? Nilitaka tu..."

"Ulitaka. Uliniona nikimvua nguo Lester mbele ya watu, wewe umesimama kwenye birika, ukajitia hamnazo. Ukanishika kiwiko!" Alimwonyesha bomba. "Shika, nimesema."

Alishusha kinyago usoni akawasha moto. Mafuta ya viwele yalishika, yakatoa moshi mzito wa manjano wenye uvundo usioelezeka, ukampiga Duane usoni. Alikohoa, machozi yakamtoka, lakini hakuachia. Thora alizungusha moto kwenye kichwa cha pini, akazunguka upande wa pili, akamaliza. Kile kitu alichojivunia kuliko vyote, kwamba mtu yeyote angeweza kukisogeza bila spana, alikuwa amekiua kwa mkono wake.

Ardis alifika chuma kikiwa bado kinafuka. Alimtazama mama, akamtazama mwana, akanusa, akaelewa mengi. Alinyoosha mkono bila kuinama, akatia gazeti na kifurushi kidogo cha dawa, akafunga mlango wa sanduku.

"Hali ya hewa si mbaya," alisema, akaenda zake.

Thora alitoa dawa zake, akazitia mfukoni. Akapanda njia kurudi nyumbani, moja kwa moja kwenye gari la Duane, akafungua mlango wa abiria, akaketi na nguo zake chafu za kazi kwenye kiti safi.

"Twende kwa Lester," alisema. "Na mimi nina yangu ya kumwambia, ila utaanza wewe."

"Nitamwambia nini, Mama?"

"Mpe mkono tu, na glavu usivue. Yule amekamua ng'ombe maisha yake yote, ataijua harufu."