Breki za Mvunguni

Gari letu halikupata kufeli ukaguzi. Kila mwaka lilikwenda Mombasa kukaguliwa, na kila mwaka lilirudi na stika mpya kwenye kioo cha mbele. Mume wangu akiliegesha mlangoni kifua mbele kama mtu aliyerudi kuhiji, majirani wakija kumpa mkono. Wakisema teksi ile ndiyo iliyochoka kuliko zote Malindi, viti vimetoka sponji na mlango wa nyuma unafungwa kwa kamba, lakini haimwogopi mkaguzi. Mimi nikiwasikia kutoka dirishani, nikifunga pazia, kwa sababu nilijua inavyopita.

Leo nitasema. Wengi wa waliohusika wametangulia mbele ya haki, na waliobaki kama hawajanisamehe mpaka sasa, basi hawatanisamehe tena.

Teksi za stendi yetu zilikuwa za namna moja, magari ya Kifaransa ya nyuma ndefu, yaliyonunuliwa baada ya watu wengine kuyachosha. Spea zake zilikuwa adimu. Basi madereva wakachanga, wakanunua seti moja mpya: pampu ya breki, vipande vya breki vya magurudumu yote, na matairi yenye meno. Seti moja kwa stendi nzima. Gari likifika zamu yake ya kukaguliwa, lilifungwa vile vipya, likaenda Mombasa, likapita. Likirudi, vipya vilifunguliwa na vikuukuu vyake vikarudishwa mahali pake. Hakuna aliyeruhusiwa kwenda navyo hata Watamu, maana vikitumika vitaisha, na vikiisha hakuna gari litakalopita tena.

Waliviita amana. Na amana huwekwa kwa mtu mwaminifu, kwa hivyo iliwekwa kwa mume wangu, naye akaiweka mvunguni mwa kitanda chetu. Matairi yalikaa stoo. Pampu na vile vipande vilifungwa kwa leso yangu kuukuu, na kila baada ya muda yeye hupiga magoti, akavivuta, akavifuta vumbi, akavipaka grisi, akavirudisha. Sijapata kumuona akishika kitu kwa adabu kama ile.

Nami nikilala juu ya amana hiyo. Hebu fikiria: mke analala juu ya breki, mume yuko barabarani bila breki. Zile zilizokuwemo garini zilitaka kukanyagwa na kukanyagwa tena ndipo zishike, na siku za mvua zilishika zikipenda. Akichelewa kurudi kutoka Kilifi, nilikuwa siwezi kukaa kitako. Nilisimama mlangoni na ufagio mkononi, nafagia mahali palipokwisha fagiliwa, mpaka nisikie ile injini yake inayokohoa. Nilikuwa naogopa, na woga wenyewe haukuwa na pa kuupeleka, kwa kuwa hata kwa jirani nisingeweza kuusema.

Nilimwambia yeye mwenyewe, tena si siku moja.

"Mwenyezi Mungu ndiye anayeshika," alisema.

"Mungu kakupa breki, wewe umeziweka mvunguni."

Akacheka. "Mdomo wako wewe ndio unaotaka pampu mpya," akasema, akaenda zake stendini.

Mwaka ule gari lilikuwa limetoka kukaguliwa majuzi tu, stika bado inang'aa, na amana imesharudi mahali pake, mwanangu wa kwanza aliposhikwa na uchungu. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Alianza alfajiri, na jua lilipopanda tukaambiwa hospitali kwamba mtoto amekaa vibaya tumboni, apelekwe Mombasa, na apelekwe sasa. Mume wangu akasema atampeleka yeye.

Nikamvuta kando. "Tia zile nyengine," nikamwambia.

Alijua nasema nini. "Kufunga ni kazi ya kutwa," alisema. "Na kutoa hewa kwenye mabomba. Huyu atangoja?" Kisha akashusha sauti. "Na isitoshe, zile ni amana ya watu."

Nilitaka kumpiga kofi. Lakini mwanangu alikuwa analia ndani, na kwa hilo la kutwa hakuwa amesema uongo. Tukamlaza kiti cha nyuma, kichwa mapajani pangu, tukafunga mlango kwa kamba, tukaondoka.

Mpaka Gede nilikuwa nikisoma kila dua niliyoijua. Matsangoni mbuzi walikatiza barabara, na nikaona mguu wa mume wangu ukipampu pale chini kama wa fundi cherehani. Gari lilipunguza mwendo, mbuzi wakapita, na yeye akajifuta uso kwa mkono wa shati. Hakunitazama. Mwanangu alinishika kidole akakiminya, na mimi nikamwambia tumekaribia, na hatukuwa tumekaribia hata kidogo.

Wakati huo Kilifi hapakuwa na daraja. Magari yalivuka mkono wa bahari kwa feri, na kuifikia feri yalishuka mteremko wa saruji uliokwenda moja kwa moja mpaka majini. Desturi ilikuwa abiria washuke juu, wateremke kwa miguu, na gari lishuke na dereva peke yake. Mwanangu hakuweza kusimama.

Mume wangu alizima injini pale juu. Akageuka, akaniambia, "Shuka wewe."

"Sishuki."

"Nakuomba ushuke."

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Ndoa yetu nzima hakuwahi kusema mbele yangu kwamba gari lile halina breki, na sasa kwa kuniomba hivyo alikuwa ameshalisema. Nikamwambia kama anateremka na mwanangu mle ndani, nateremka nao, na kama tunakwenda majini, twende sote. Mwanangu akafumbua macho akauliza kuna nini. Nikamwambia baba yake anatafuta gia.

Aliwasha, akatia gia ya kwanza, akaachia. Mwanzoni gari lilijizuia. Mbele yetu, feri ilikuwa imekwisha pakia lori la magunia ya korosho, na nyuma ya lori palibaki nafasi ya gari moja. Pembeni, hakuna ukingo wa maana, maji tu. Katikati ya mteremko injini ikakohoa, gia ikaruka, na gari likaachiwa. Nilisikia mguu wake ukigonga sakafu, kisha ukagonga tena. Pedeli ilikuwa haina kitu chini yake. Sikupiga shahada wala sikuita mtu. Nilimlalia mwanangu nikafumba macho, na nilichofikiria ni ile leso mvunguni, ilivyofungwa vizuri.

Mfanyakazi wa feri alitupa gogo mbele ya gurudumu. Gari lililipanda, likatikisika, likaingia kwenye feri na kujigonga nyuma ya lori, likatulia hapo na bampa limejikunja. Mume wangu alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

Yule mfanyakazi alikuja mbio kutukana. Alipoona mwanamke amelala nyuma akaacha matusi. Akakitazama kioo cha mbele, akaisoma ile stika.

"Mbona limekaguliwa juzi tu hapa?" akauliza.

Mume wangu akashuka, akaenda kulitazama bampa.

Tulivuka. Ng'ambo ya pili lori ndilo lililotuvuta kwa mnyororo kupanda, na dereva wake alipojua tuna nani ndani, alimhamishia kwake mbele, akatufikisha Mombasa. Mjukuu wangu wa kike alizaliwa kwa kisu, mzima, na mama yake mzima. Alhamdulillahi.

Gari tuliloliacha ferini lilirudishwa na wenzake wa stendi, na mume wangu hakuendesha tena. Alijaribu, akakaa kitini, akashuka tena bila kuwasha. Akatangaza kuuza gari, na mnunuzi alipatikana upesi, bwana mmoja wa Magarini mwenye shamba, aliyekuja na mkewe na watoto wake wadogo. Watoto waliingia nyuma mara moja, wakaanza kurukaruka kwenye sponji.

"Nimeuliza stendi nzima," alisema yule bwana kwa furaha. "Wote wananiambia neno moja, gari hili halijafeli inspeksheni hata siku moja."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa, anazichezea funguo.

Nikaingia ndani, nikapiga magoti, nikavuta lile furushi, nikalitoa nje na kuliweka juu ya boneti mbele yao. "Breki za gari lako hizi," nikamwambia mnunuzi. "Hizo zilizomo usiende nazo hata sokoni. Ngoja, mwenyewe atakufungia." Nilidhani mume wangu atanifokea. Aliitazama ile leso kitambo, kisha akaenda kutafuta spana. Alifunga mpaka magharibi.

Siku chache baadaye teksi ikasimama mlangoni. Aliingia dereva ambaye zamu yake ilikuwa imefika, kijana tuliyemuoza sisi wenyewe.

"Shikamoo mama. Nimepita kuchukua amana, nikirudi nifunge."

"Marahaba. Haipo. Nimempa aliyenunua gari."

Alikaa kwenye kiti. "Sasa mimi nitapitaje?" akaniuliza. "Mama, umetumaliza." Nikamwambia anaweza kunichukia, ruhusa anayo. Kisha akauliza polepole, kama anayemuulizia mgonjwa, "Siku ile, pale ferini. Hazikushika kabisa?"

"Hazikushika kabisa."

Akatazama nje. Gari lake lilikuwa limejaa, linakwenda Mombasa, na mwanamke wa mbele amempakata mtoto. Akainuka, akatoka. Nikamsikia akiwaambia washuke, kila mtu achukue mzigo wake.