Vibuyu Vilipoteremshwa

Katika miaka ya mwanzo ya uhuru nilikuwa karani katika ofisi ya wilaya, Kwale. Mkuu wa Wilaya wetu alikuwa mtu wa bara aliyehamishiwa pwani bila kuomba, na alinitumia kuandika kila kilichohitaji Kiswahili kilichonyooka au Kiingereza kisicho na makosa. Siku moja alifunga mlango wa ofisi yake, akanieleza kwamba kampuni moja ya Nairobi ilikuwa ikitafuta mahali pa kujenga kiwanda cha nazi: mafuta, sabuni na kamba za makumbi. Wilaya moja ya kaskazini ya Mombasa ilikuwa imekwisha kupeleka maelezo yake. Yetu yalikuwa yakingojwa.

"Andika nguvu za wilaya hii," aliniamuru. "Udhaifu watautafuta wenyewe."

"Nguvu zipi, bwana?"

"Minazi, bila shaka. Kila mtu anajua kwamba minazi ya Msambweni haina mwisho."

"Bwana ameiona, au ameambiwa?"

"Chukua gari la ofisi," alisema. "Nenda ukaione wewe, kisha ndipo uje uniulize maswali."

Nilikwenda. Nimekuwa hivyo tangu ujana: neno lililopita vinywa vitatu siliiti habari. Kinango niliambiwa kwamba maji si tatizo; nikawakuta wanawake kando ya bwawa lililokauka, madebe yao yamepangwa, wakisubiri gari la maji ambalo hakuna aliyeweza kuniambia lingetoka wapi. Mackinnon Road niliambiwa kwamba reli ingebeba kila tutakachozalisha. Nikaiona reli, ni kweli, na nikauona pia umbali uliopo kati yake na mnazi wa kwanza. Yote niliyaandika kama yalivyokuwa. Ng'ombe na mbuzi wa Kinango niliwasifu kwa sababu niliwaona mnadani, na barabara ya kutoka Likoni niliisifu hadi pale ilipostahili kusifiwa, si zaidi.

Mwisho niliteremka Msambweni, kwa mjomba wangu.

Watu wa kwetu wanaujua uzito wa neno hilo. Kwa mila ya Wadigo mali ya mtu humwendea mwana wa dada yake, na ingawa sheria ya dini inasema vingine, na makadhi wameamua vingine mara nyingi, mjomba alizoea kuniita mrithi wake mbele ya watu. Shamba lake lilianzia barabarani likateremka hadi ufukweni, lote minazi. Nilimkuta mlangoni akinoa panga.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Serikali imekuachia leo, au umetoroka?"

"Serikali ndiyo iliyonituma. Nimekuja kuiona minazi."

"Umezaliwa chini yake, leo ndipo waja kuiona?"

Hata hivyo aliweka panga chini, tukaingia shambani pamoja. Nilitembea nikiwa nimeinua uso, na nilichokiona hakikunifurahisha. Juu ya mnazi baada ya mnazi palikuwa na kibuyu kimening'inia, na mashinani vidato vilivyochongwa upya kwa ajili ya kupandia. Minazi hiyo ilikuwa ikigemwa. Kwa asiyejua, nieleze: mgema hulifunga karara, kifuko cha maua ya mnazi, kabla halijafunguka, akalikata ncha kila siku, na utomvu ambao ungekuwa nazi hudondoka kibuyuni ukawa tembo, pombe ya mnazi. Mnazi unaogemwa hauzai. Ni mrefu, ni wa kijani, unapendeza machoni, na hauna nazi hata moja.

"Mjomba, mingi inagemwa."

"Mimi sinywi."

"Sikukuuliza kama wanywa."

"Nakujibu kabla hujaniuliza, maana nakujua." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Mgema hunilipa kila wiki. Mnunuzi wa nazi kavu za mbata huja akipenda, na akija hutaja bei akiwa bado yumo ndani ya gari. Wewe ungekuwa mimi, ungengoja nani?"

Tulifika mwisho wa shamba, upande wa bahari. Mpakani mwa jirani palikuwa na waya mpya wa miiba. Jirani alikuwa amemuuzia tajiri mmoja wa Mombasa aliyekuwa akinunua viwanja vya ufukweni, na tajiri huyo sasa alilitaka shamba la mjomba.

"Nimemwambia asubiri hadi shauri la kiwanda ulichonieleza liamuliwe," alisema mjomba. "Kiwanda kikija, nazi itakuwa na mtu wa kuinunua kila siku, na siuzi hata shina moja. Kisipokuja, sina tena neno la kumkatalia. Wanangu wa kuwazaa wako Mombasa, hawaulizi hata kama mvua imenyesha huku. Shamba hili nakuwekea wewe. Basi andika vizuri."

Niliandika vizuri, kwa maana niliyofundishwa mimi ya neno hilo. Niliandika kwamba minazi ya Msambweni ni mingi na yenye afya, kwamba sehemu kubwa yake wakati huu inagemwa, na kwamba ikipumzishwa itazaa. Mkuu wa Wilaya aliposoma alichukua kalamu, akaipitisha juu ya sentensi hiyo polepole, kama mtu anayechora mpaka.

"Hii si nguvu," alisema.

"Ni kweli, bwana."

"Sikusema si kweli. Nimesema si nguvu."

Maelezo yakaenda Nairobi bila sentensi hiyo, na kampuni ikajibu kwamba mtaalamu wake angekuja kuona.

Kwetu mgeni akitarajiwa, ua hufagiwa, sufuria zenye masizi hufichwa, na vikombe vizuri huazimwa kwa jirani. Hakuna anayeuita huo udanganyifu. Ni heshima, na mgeni mwenyewe kwao hufanya vivyo hivyo. Mjomba na wenzake wenye mashamba kando ya barabara, kuanzia Mwabungo hadi kwao, waliipandisha desturi hiyo hadi vileleni mwa minazi. Asubuhi ya siku ya mgeni vibuyu vyote viliteremshwa. Nilifika mapema nikakuta vimerundikwa nyuma ya jiko na kufunikwa makuti. Mgema wa mjomba, mtu mrefu mwenye miguu iliyokakamaa kwa kupanda, alikuwa amesimama kando, kotama, kisu chake cha kugemea, kiunoni, amenuna.

"Tembo la leo lamwagika ovyo, mzee," alimwambia mjomba. "Siafu watalewa wakuume."

"Wewe nyamaza. Mgeni ataketi pale." Mjomba alionyesha viti vilivyopangwa uani, chini ya paa la makuti, na madafu yaliyochongwa tayari. "Atakunywa, atazungumza, ataitazama minazi kwa mbali, ataondoka."

"Na akitaka kutembea?"

"Mgeni gani huyo, atembee ndani ya shamba la mtu bila kukaribishwa?"

Hapo ndipo palipokuwa na kosa letu. Tulimtayarishia mgeni mwenye adabu zetu.

Mjomba alinivuta pembeni. Mkuu wa Wilaya alikuwa amenichagua kuwa mkalimani, na mjomba alilijua hilo.

"Utasema niyasemayo mimi?"

"Neno kwa neno."

"Na wewe mwenyewe ukiulizwa?"

"Nisipoulizwa sitasema. Nikiulizwa nitasema nilichokiona."

Alinikazia macho, mjomba yule aliyenilipia karo ya shule hadi nikapata huo ulimi wa kukalimani. "Basi mwombe Mungu usiulizwe," alisema, akaniacha.

Mgeni alifika pamoja na Mkuu wa Wilaya. Alikuwa Mzungu mnene wa makamo, mwenye kofia ya majani, aliyekuwa amefanya kazi katika visiwa vya mbali vyenye minazi. Hilo alilitaja mapema na kwa upole, nasi hatukulizingatia. Aliketi alipoketishwa. Alikunywa dafu, akalisifu. Mkuu wa Wilaya alizungumza juu ya barabara, juu ya bandari iliyo karibu, juu ya vijana wanaotaka kazi, na yote hayo yalikuwa kweli. Nilianza kupumua. Kisha mgeni akaweka dafu chini, akainuka, akaingia shambani.

Tulimfuata, mjomba akiwa mbele yetu, akitembea kwa haraka isiyo ya umri wake ili awe ubavuni mwa mgeni.

"Mwulize mzee," mgeni aliniambia, "kama minazi hii yote inazaa."

Nilimwuliza.

"Yote, alhamdulillahi," alijibu mjomba, bila kunitazama.

"Mzee anasema yote," nilitafsiri. Maneno yalikuwa yake, si yangu, nami nilikuwa mfereji tu.

Mgeni aliitikia kwa kichwa, akaendelea. Jua lilikuwa kali. Chini ya mnazi mmoja mzuri, labda mzuri kuliko yote, alisimama akavua kofia ili afute jasho. Tone likamwangukia katikati ya upara.

Aligusa kichwa, akatazama vidole vyake. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu. Tone la pili likamwangukia begani. Nyuki wawili walikuwa wakizunguka pale, na ardhini mchanga ulikuwa umelowa duara dogo jeusi, lenye siafu. Nikatazama shina baada ya shina: kila penye vidato palikuwa na duara kama hilo. Kibuyu kiliteremshwa, lakini hakuna aliyeweza kuuzuia utomvu wa karara lililokwisha kukatwa.

Mgeni alipeleka kidole ulimini. Mkuu wa Wilaya alikuwa amekunja uso, hajui bado kilichotokea. Huko alikozaliwa hakuna minazi. Mjomba alijua. Alikuwa ameshika shina kwa mkono mmoja, nami niliona mishipa ya mkono huo.

"Mzee amesema yote inazaa," mgeni alisema, na safari hii alinigeukia mimi mzima mzima. "Hayo ni yake. Wewe umepata kuitazama?"

"Nimeitazama."

"Umeona nini?"

Nilimjibu kwa Kiingereza, kisha, ili asiwepo wa kusema kwamba nilimteta mjomba wangu kwa lugha asiyoijua, nikayarudia yale yale kwa Kiswahili: kwamba mingi inagemwa, kwamba vibuyu viliteremshwa asubuhi ile, na kwamba mnazi ukiachwa kugemwa hurudi kuzaa. Niliyatamka yote matatu kwa kasi ile ile. Mkuu wa Wilaya aliweka mikono nyuma, akatazama baharini.

Mgeni hakukasirika. Aliniagiza nimwambie mjomba maneno haya: ateremshe vibuyu, si kwa siku moja bali kabisa, yeye na majirani zake, na minazi ikizaa ataleta mashine.

Mjomba alisikiliza hadi mwisho. "Mwambie," alisema, "alete mashine, nami nitateremsha vibuyu."

Nilitafsiri. Mgeni alitabasamu, akavaa kofia. "Mwambie nimemwelewa," alisema. Nilifanya hivyo pia. Walipeana mikono kwa heshima kubwa, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze, na gari likaondoka.

Juma lililofuata mjomba alimwita mgema, akamwambia atafute mashamba mengine. Mgema alimwuliza kama amerukwa na akili. Mjomba akamjibu kwamba lazima mmoja aanze, basi yeye ameanza. Majirani hawakumfuata. Nilikwenda kumwona kila nilipopata ruhusa, na kwa macho yangu nikaona makarara yakifunguka, maua yakatoka, vidaka vya nazi vikashika. Aliishi kwa muhogo na samaki wa kukopa huku akivingojea vidaka hivyo. Tajiri wa Mombasa alipita mara kadhaa, akisalimia tu.

Nazi zilikomaa. Kampuni haikuja. Ofisini tulipata maneno machache kwamba shauri la kiwanda limeahirishwa, bila sababu. Kwamba kilikwenda kaskazini, sikukiona huko. Kwamba Mkuu wa Wilaya aliandika barua ya kunilaumu, sikuiona barua. Lakini mkahawani Msambweni lilikuwa tayari jambo la hakika: mpwa ndiye aliyekifukuza kiwanda kwa ulimi wake.

"Watu wanasema ulitunyima kiwanda," mjomba aliniambia, siku alipokwisha kutia dole gumba kwenye karatasi za tajiri. Alikuwa amekaa mlangoni pale pale, na mbele yake lundo la nazi zisizo na mnunuzi.

"Wameona, mjomba, au wameambiwa?"

"Wao wameambiwa," alisema. "Mimi nilikuwapo."

Hakusema neno jingine juu ya jambo hilo hadi alipofariki, na aliendelea kuniita mpwa wangu, ingawa mrithi hakuniita tena. Hapakuwa na cha kurithi.

Hoteli ilijengwa pale miaka iliyofuata. Mwezi uliopita nilipita njia ya nyuma, iliyoachiwa umma kwenda baharini, nikasimama nje ya ua. Minazi ya mjomba ingali imesimama, na haigemwi. Inazaa mno. Kijana mwenye sare alikuwa juu ya mmoja, akiangusha nazi kabla hazijakomaa, na mwenzake chini akizipakia kwenye mkokoteni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mbona mwaziangusha changa?"

"Zisije zikawaangukia wageni kichwani, mzee."

"Hupelekwa wapi?"

"Hazipelekwi popote. Hutupwa."

Nilimwambia kwamba hilo siliamini. Alicheka, akasukuma mkokoteni wake, nami nikamfuata taratibu kwa fimbo yangu hadi kwenye shimo lililo nyuma ya jiko, akaumimina mbele yangu, nikaona.