Daraja la Kumvusha Mkaguzi

Uelese hakuwahi kupitisha mradi siku ile ile ulipomfikia, na alijivunia hilo. Kazi yake pale Apia, mji mkuu wa Samoa, ilikuwa kukagua gharama, ratiba na michoro kabla sururu haijagusa udongo. Wenzake walimbandika jina la Subiri, naye akawa anaitika.

Ndipo ukaja mpango wa daraja la kijijini kwao. Mama yake, Lagimaina, alivimba miguu, na zahanati ilikuwa ng'ambo ya mto. Uelese alilitaka daraja lile kwa moyo wote. Lakini mkaguzi sharti asimame kingo zote mbili, na kila alipofika alikuta mto umejaa. Akarudi, akaandika: mradi usubiri, mkaguzi hakuweza kuvuka.

Alipokuja tena akakwama ng'ambo, kijiji kiliingiwa na aibu. Mgeni kuondoka na njaa! Kwa Wasamoa hilo halisemeki. Wanaume wakaangusha minazi, na kabla viazi vya taro havijaiva katika tanuri la mawe, magogo yalikuwa yamelala juu ya mto. Uelese akavuka akiyumba, akanywa ava, kinywaji cha kumkaribisha mgeni, akala akashiba, akafungua faili. Uso ukamshuka.

“Kuna nini tena?” akauliza Tuiasau, mkuu wa kijiji.

“Swali la kwanza ni kama hapa pana daraja. Pana.”

“Lile? Tumelilaza kwa ajili ya tumbo lako!”

“Nimelipita kwa miguu yangu, mzee wangu. Serikali haijengi daraja penye daraja.”

Lagimaina akajikongoja hadi mbele ya mwanawe.

“Basi nivushe, mwanangu. Mimi nikushikie hilo faili lako.”

Uelese akambeba mgongoni. Walipofika katikati, magogo yalilia, yakakatika, na Uelese akajikuta amesimama mtoni, maji kifuani. Mama yake hakumwachia shingo, wala faili hakulishusha.

“Mkaguzi,” akamwambia sikioni, “daraja lipo?”

“Halipo, Mama.”

“Gharama?”

“Sawa.”

“Ratiba? Michoro?”

“Sawa, Mama. Tutoke kwanza.”

“Hatutoki.” Akaweka faili juu ya kichwa cha mwanawe na kumpa kalamu. “Tia sahihi upesi. Wale wajinga wameshaenda kukata mnazi mwingine.”